Kitenzi Ambacho Hakuna Aliyekisikia

Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, hata mwaka haujatimia, na sisi wanafunzi weusi tulikuwa wachache katika darasa la Kilatini pale chuo kikuu. Mwalimu wetu, Mbelgiji mzee mwenye kikohozi, aliandika ubaoni fero, "ninabeba". Chini yake akaweka kitenzi cha Kigiriki, kisha cha Wahindi wa kale, vyote vya maana ileile. Mwishoni akaandika bher, akakiwekea nyota mbele.

"Nyota maana yake hakikuandikwa popote," alisema. "Tumekiunda sisi, kwa kulinganisha watoto wake."

Sikuelewa. Kama hakuna aliyekisikia, tunajuaje kwamba kilisemwa? Nilinakili tu, kurasa nzima za nyota.

Mchana, nikirudi nyumbani Naviundu kwa baiskeli, nikakuta askari wa Katanga wamefunga daraja. Mmoja wao, wa rika langu, akafungua daftari langu la Kilatini.

"Njo nini hii manyota? Iko code ya siri?"

"Hapana, chef. Ni masomo. Neno ya batu ya zamani sana: kubeba."

"Batu gani?"

"Hata jina yabo hatuyue."

"Nani aliisikiaka?"

"Hakuna mutu."

Akanikazia macho. Jibu lilikuwa la kijinga, lakini ndilo la kweli. Wazazi wangu walitoka Kasai, na siku zile watu wa Kasai walikuwa wakisakwa mitaani. Kabla hajaniuliza kabila, nikawahi kumuuliza mimi:

"Kwenu, chef, kubeba munasemaka namna gani?"

"Kutwala," alisema. Alikuwa Muluba wa kaskazini mwa Katanga.

Mama yangu naye, kwa Kiluba cha Kasai, husema kutwala. Nilikaribia kucheka kwa furaha, nikajizuia: nikisema "hata kwetu", nimejitaja mwenyewe.

"Na kwenu?" akauliza.

"Mi nalizaliwa hapa," nikasema.

Akalibana daftari kwapani mwake, hakunirudishia. "Ende," akasema, akanipisha darajani.

Nyumbani nilimsimulia mama. Aliniuliza jambo moja tu: "Sasa ile neno ya nyota iko ama haiko?"

Baada ya miezi michache tulihamia kambi ya wakimbizi pamoja na Wakasai wengine, na masomo yangu yakakatika. Yule askari nimemfikiria mara nyingi kuliko mwalimu. Mpaka leo sijui kama hakunitambua, au alinitambua akaamua kuniacha nipite.