Askari wa Pili

Nyuso ndizo zilizonishtua kwanza. Nilikuwa nimeziba dirisha la chumba changu pale Korogwe kwa khanga ili kioo cha televisheni kionekane vizuri, nikawasha gemu ya mpira ambayo utotoni tuliapa kwamba haina tofauti na uwanja wenyewe. Wachezaji wakatoka. Hawakuwa na pua. Macho yao yalikuwa yamebandikwa juu ya ngozi kama ya mwanasesere, vidole vimegandana, na mashabiki jukwaani walikuwa vipande bapa vinavyopanda na kushuka kwa pamoja. Nilibaki mdomo wazi. Hiki ndicho tulichokipigia kelele hadi sauti zikakauka? Ni mimi niliyekuwa kipofu wakati ule, au kuna mtu aliingia kwenye mashine wakati tumelala akawafuta nyuso?

Kikundi chetu cha waandishi vijana kilikuwa kimenipa kazi ya kuandika ni aina gani za gemu zinazohimili miaka, na kwa nini. Nilikuwa na mashine mbili nilizozipata kibanda cha gemu cha mtaani kwetu kilipofungwa. Moja ilikuwa ya sidii. Nyingine ilikuwa ya zile kanda za njano ambazo lazima uzipulize kwanza ndipo zikubali. Nikazijaribu gemu zote. Mashindano ya magari yalikuwa yamezeeka vibaya kuliko mpira; milima yake ilikuwa kama maboksi yaliyonyeshewa mvua. Lakini ile ya matofali yanayoanguka haikuwa na hata kunyanzi moja. Nikaandika kwa furaha kubwa kwamba tofali halikuahidi kufanana na kitu chochote, ndiyo maana halikumdanganya mtu. Mpira ulituahidi dunia nzima, na dunia ikaendelea na safari bila kuusubiri. Nikaona nimemaliza makala.

Ndipo shangazi akapiga simu kutoka Misima.

"Dada yako hali," alisema, bila hata kungoja shikamoo yangu. "Anamega tonge, analibonyeza, analirudisha. Leo nimemkuta amejishika ukuta kwenda uani. Ukija usiniletee vitabu vyako hapa. Lete kitu kitakachomfanya huyu mtoto atafune."

Dada yangu alikuwa kwenye eda. Mumewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa ghafla, na yeye sasa alikuwa akikaa ndani kama inavyompasa mjane, bila manukato, bila hina, na shangazi, dada yake marehemu baba, alikuwa amehama Kang'ata kuja kumtunza. Watu wengine walikutana na waume zao shuleni au harusini. Dada yangu na shemeji walikutana kwenye benchi la kibanda kilekile cha gemu. Yeye alikuwa msichana pekee mle ndani, shemeji alikuwa kijana wa kambi za mkonge aliyekuja siku za Jumapili, na walikuwa wakicheza gemu ya askari wawili wanaokimbia msituni bega kwa bega. Kwa hiyo nilipojiuliza nimpelekee dada nini, sikufikiri sana. Nikaifunga ile mashine ya kanda ndani ya shuka, nikapanda gari la Handeni, nikashuka Misima.

Nilipomwona nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na nyuso zile. Mifupa ya mabega ilikuwa imeinua nguo yake nyeupe kama kitu kilichofichwa chini yake. Alinipa mkono, nikaogopa kuubana.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda."

Mimi! Shangazi, aliyekuwa mlangoni na ungo wa kunde, akaguna.

Nilipoanza kuchomeka nyaya kwenye televisheni, aliweka ungo chini. "Hiyo nini?"

"Gemu, shangazi."

"Gemu? Mjane wa eda na gemu?" Alishika kiuno. "Wewe mtunga hadithi, nilikuambia ulete kitu cha kumfanya ale, wewe umeleta bunduki! Majirani watasema nini? Mume kaburini, humu ndani vita!"

"Nitapunguza sauti."

"Punguza na akili basi, maana imezidi."

Lakini hakuizima. Alirudi kwenye kunde zake, ametupa mgongo, na sikio lake moja limetuelekea.

Nilipuliza kanda. Mlio wa mwanzo ukatoka, ule wa ngoma mbovu ya bati, na dada akainua kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akisema jinsi ilivyozeeka. Miti ilikuwa vibonge vya kijani, askari walikuwa warefu kama kidole gumba. Alichukua tu pedi ya kuchezea ya kwanza, akachagua wachezaji wawili, na nilipoinyooshea mkono pedi ya pili, akaisogeza mbali nami, akaiweka juu ya mkeka, upande wake wa kulia. Hapo hapakuwa na mtu.

Gemu ile ina sheria yake. Askari wote wawili wanakaa kwenye kioo kimoja. Mmoja akibaki nyuma, mwingine akifika ukingoni kioo hakisogei. Hamuachani. Askari wa dada alikimbia, akaruka, akapiga, kwa vidole ambavyo havikuwa vimesahau kitu. Wa pili alisimama palepale alipoanzia. Dada alifika ukingoni, akakwama, akarudi. Alizunguka mbele ya yule aliyesimama, akimpigia maadui wanaokuja. Mmoja akapenya. Askari wa pili akaanguka, akafufuka, akasimama, akapigwa tena, hadi roho zake zikaisha.

Nilishusha pumzi. Sasa, nikafikiri, njia iko wazi, atakwenda mbele peke yake.

Dada aliinama upande wa kulia akabonyeza kitufe kwenye ile pedi ya mkekani. Nilikuwa nimesahau kwamba hilo linawezekana: aliyeishiwa anaweza kuchukua roho moja ya mwenzake. Askari wa pili akasimama tena. Roho za dada zikapungua moja. Yule akapigwa. Dada akainama, akabonyeza. Akapigwa. Akabonyeza. Hakuwa akilia. Uso wake ulikuwa mtulivu, kama mtu anayemwaga maji kwenye mche. Maneno yote niliyoyaandika Korogwe juu ya tofali lisilozeeka yakanitoka. Kisha kioo kikawa cheusi. Wote wawili walikuwa wamekwisha.

Akaanza upya. Wachezaji wawili.

"Dada," nilisema, na sauti yangu ilinishangaza, "acha mimi nishike hiyo pedi."

"Ina mwenyewe."

Nilitazama pembeni, nikamwona shangazi amesimama nyuma yetu, maganda ya kunde yamemganda kwenye vidole. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Huyo aliyesimama tu ni nani?" aliuliza.

Dada alimpiga adui mmoja kwanza. "Ni yeye, shangazi."

"Na wewe unampa za kwako."

"Ndiyo."

Nilidhani shangazi atazima televisheni. Nilidhani atalia, maana yeye pia alizika mume, na alikaa eda yake Kang'ata nikiwa bado sijazaliwa. Alifuta mikono kwenye khanga. Kisha akakaa kwenye mkeka, upande wa kulia, kwa shida, goti moja halafu la pili, akaichukua ile pedi iliyokuwa na mwenyewe.

Dada alishtuka. Mimi nilishtuka zaidi.

"Nibonyeze wapi?" alisema shangazi.

"Shangazi..."

"Nimekuuliza nibonyeze wapi. Unaona wanakuja hao!"

"Hiyo... hiyo nyekundu ni kupiga. Ya pembeni ni kuruka."

Alibonyeza zote mbili kwa pamoja. Askari wa pili, baada ya kusimama mchana kutwa, akaruka juu akipiga risasi mbinguni. Shangazi naye aliruka na pedi, mwili mzima, kana kwamba bila hivyo askari asingenyanyuka. Walifika kwenye daraja linalolipuka. Dada alivuka. Shangazi alibaki upande huu, na kioo kikagoma kusogea.

"Njoo, shangazi."

"Naja, nisubiri, miguu ya huyu mizito."

"Ruka! Sasa ruka! Shangazi, rukaaa!"

Ilikuwa sauti ya dada yangu wa kwenye benchi, ile iliyosikika hadi barabarani. Nje mtu alibisha hodi. "Subiri kidogo," shangazi akamjibu bila kugeuza kichwa, "tunavuka." Akatumbukia. Roho zake zikaisha. Kabla sijamwelekeza akabonyeza kitufe mwenyewe, akachukua ya dada.

"Shangazi! Umeninyang'anya!"

"Yule ulikuwa unampa mwenyewe. Mimi nachukua."

Dada alimgeukia, na kwa muda nilihofia. Kisha kitu kikamtoka kifuani, nusu kicheko, nusu kilio, akakifunika kwa mkono, na mkono ule ulikuwa ukitetemeka. Shangazi aliuona. Akaweka pedi mapajani.

"Mimi siendelei," alisema. "Mkono huo haujala. Utatuua sisi wote wawili."

"Shangazi, tumekaribia."

"Nimesema."

Nilikwenda kumfungulia mgeni nikamwomba arudi jioni, nikapakua ugali wa muhogo na mboga ya mchunga jikoni, nikauleta. Dada aliutazama. Akautazama mkono wake. Akanawa, akamega, akabonyeza tonge kama alivyozoea. Akalitia mdomoni. Akatafuna.

Alikula kwa mkono wa kulia, pedi imelala kwenye mkono wa kushoto. Askari wake alisimama ng'ambo ya daraja bila kwenda popote, kioo kimetulia, na upande huu shangazi, aliyekwisha kuichukua tena pedi yake, alikuwa bado anajifunza kuruka.