Wapanda Farasi wa Roma mu Lungo Yangu

Hapana, farasi sijapata kumuona na macho yangu, kwa hiyo usiniulize. Habari yake niliisikia tu hapa Uvira, mu mutaa wa Kimanga, mu kinywa cha shemeji, mudogo wa bwana yangu marehemu. Yeye ni mwalimu. Mujukuu wangu alikuwa anangojea examen ya histoire, mutihani wa historia, akiikosa anarudia mwaka, na mwalimu mwingine wa kumufundisha bure hatukuwa naye. Juu ya ile nilifunga kinywa. Miye. Kinywa hiki.

Shemeji anasemaka na pua: «La cavalerie, wapanda farasi, mutoto, ni mabawa ya jeshi.» Mabawa, sawa kuku. Akakamata maharagi niliyokuwa nachambua, bila kuomba, akayapanga katikati ya lungo: hawa ni Waroma wa miguu. Akaweka mbegu za mahindi huku na huku: hawa wako na farasi. Kazi yao kupeleleza, kulinda pembeni, na adui akigeuza mugongo, kumufuata na kumukata. «Na wanapanda bila pa kukanyagia miguu, shemeji. Wanaume.» Akajikaza ku kiti sawa muntu anaendesha. Nikamuigiza, na pua yake yote, mujukuu akacheka. Shemeji hapana.

Nikamuuliza: «Na hao wa farasi ni akina nani?»

«Wenye mali. Muntu wa hivi hivi angetoa wapi farasi?»

«Na siku wamepigwa?»

«Wa farasi wanaponyoka. Wa miguu wanabaki. C'est normal, ni kawaida.» Akafagia maharagi yangu na kiganja, yakaanguka mu vumbi.

Hapo hasira ikanipanda. Siku tulikimbia vita toka Luvungi, mama ya huyu mutoto, binti yangu, alikuwa anamubeba ku mugongo, miguu imevimba, na shemeji akatupita na pikipiki yake. Tukapunga mikono. Hakusimama. Binti yangu hakufika Uvira. Miaka yote ile tulikula na shemeji ugali mu sahani moya, hakuna mwenye kumuuliza, na mutoto hakujua kitu.

Nikasema: «Shemeji, na weye ulikuwa na farasi yako ku barabara ya Luvungi. Juu ya nini haukusimama?»

Mujukuu akaweka bic yake ya kuandikia chini. Nilifikiri shemeji atasema hakutuona. Uongo ule ningeupokea, juu ya examen.

Akajibu na sauti yake ya kweli, bila pua:

«Niliwaona. Nyuma ya pikipiki nilikuwa nimefunga godoro.»