Bendera ya Kahawa

Ukitaka kuijua manispaa yetu ya Skarvsund, achana na ramani ya pale ofisini. Panda boti ya Gunnvor Moldskred. Visiwa vyote anavipitia yeye, akibeba maziwa, barua, dawa, wanafunzi, hata kondoo. Mdomo anao, tena mchungu, lakini nahodha wa kumfikia mimi sijamwona.

Basi wakubwa wakakaa, wakaamua: boti isisimame tena kisiwa cha Terna mpaka bendera ipandishwe gatini. Na Terna alishabaki mtu mmoja tu, mzee Torleif, aliyefiwa na mkewe. Huyo ni wa watu wetu wa zamani, kuomba kwao ni aibu kuliko kulala njaa.

"Mimi nipungie boti kitambaa kama ombaomba?" mzee akafoka, Gunnvor alipomletea habari. "Labda nikiwa maiti!"

"Ukiwa maiti utapandishaje, mzee?"

"Nenda zako huko!"

Gunnvor akaondoka roho imemwuma. Alijua mzee hatapandisha, na siku moja atafia humo ndani huku boti inapita. Naye akisimama bila bendera, kazi hana, alishaonywa. Siku ya mwisho kabla ya amri kuanza, akashuka Terna na uso wa mtu aliyepatwa na shida.

"Torleif, nisaidie jamani. Kahawa ya botini hainyweki. Jostein anaipika kama vile ana ugomvi na mimi." Jostein, baharia wake, akakohoa. "Yako ikiiva, nipandishie bendera nijue."

Mzee akavimba kichwa. "Kumbe una shida! Si ungesema?"

Tangu hapo bendera ikawa inapepea kila boti inapokuja. Gunnvor anashuka, anakunywa kahawa yake nyeusi na mkate wa jibini la kahawia, anamsengenya Jostein, na maziwa na dawa vinashushwa kimyakimya, kana kwamba havihusiki. Hakumwambia mzee ukweli hata siku walipogombana. Mimi kwa hilo namvulia kofia.

Baridi ilipokaza, asubuhi moja, theluji inapiga kutoka upande, wakaiona bendera imesimama nusu mlingoti. Wanaume wakavua kofia, maana kwetu hiyo ni bendera ya msiba.

"Torleif ametutoka," mama mmoja akasema.

"Ametutoka, halafu kaipandisha nani? Shakwe?" Gunnvor akamkaripia. "Peke yake anaishi pale! Vaeni kofia zenu! Jostein, kamba!"

Akaruka gatini boti haijatulia. Torleif alikuwa amelala chini ya mlingoti, mguu umepinda, kamba bado mkononi. Alikuwa ameteleza kwenye barafu mlangoni kwake, akajikokota mpaka pale, akavuta, na nguvu zikamwishia bendera ikiwa katikati. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, lakini alikuwa anapumua. Gunnvor akapiga magoti, akamfunika kwa koti lake, na machozi yakamtoka mbele ya abiria wote.

"Usinitazame hivyo," mzee akanong'ona. Kisha akageuza uso pembeni. "Nisamehe, Gunnvor. Leo nimekudanganya. Kahawa sijapika."