Klarineti ya Mmisionari

Mama anayetunza chumba cha makumbusho cha usharika wetu, huku Iyula, hufunga ufunguo wa kabati kwenye pindo la kitenge. Hufuta vumbi kwenye taipureta, kisha kengele, na mwisho klarineti ya mmisionari, filimbi yake ndefu nyeusi, ambayo huifuta kuliko vyote. Huwaambia wageni, kwa sauti ya kusoma matangazo ya kanisani, kwamba haijapulizwa tangu mwenyewe azikwe. Akisema hivyo, vidole vyake hupanda na kushuka kimoja kimoja kwenye mpini wa fagio. Juzi mtaalamu wa makumbusho kutoka Mbeya aliigusa sehemu ya kupulizia, akakitazama kidole chake.

"Mama, mbona imelowa?"

"Huku kwetu kuna ukungu sana, baba."

Akafunga kabati, akatoka kugeuza kahawa aliyoianika juani.