Poda ya Keram Ndani ya Kopo la Glukosi

Alhamisi ile siisahau, mwanangu, maana ndiyo siku niliyotia mkono wangu ndani ya begi la mtu asiye na kosa, watu wakinitazama. Kaa hapo mkekani, na hiyo simu iweke kando kidogo. Jana umenieleza kwa raha zako jinsi ulivyoitegesha ile simu yako ya zamani nyuma ya vitabu, huko chumbani kwenu Ukunda, ili imrekodi mwenzio akigusa manukato yako. Mimi nilinyamaza. Sasa nataka kusema, nawe unisikilize mpaka mwisho, hata kama chai itapoa.

Nilikuwa mwanafunzi wa ufamasia kama wewe, enzi hizo nyusi zangu bado nyeusi. Nilitoka kwetu Gazi nikapelekwa hospitali moja ya huku kusini kujifunza kazi kwa vitendo, nikapata chumba Msambweni nyumbani kwa mjane aliyeitwa Bi Mwanasha, mpika vitumbua. Chumbani tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Mutiso, mwanafunzi wa uuguzi. Wazazi wake walihamia kutoka Ukambani wakapata shamba njia ya Lunga Lunga, yeye mwenyewe akazaliwa huku huku, lakini sisi tulimwita mbara tu. Alikuwa mpole, mcheshi, na hakunikosea hata siku moja. Liweke hilo akilini.

Mchana kutwa nilikuwa nahesabu vidonge na kupima dawa za maji. Lakini alasiri ikishaswaliwa, roho yangu ilikuwa kwenye keram, ule mchezo wa kupiga kete ubaoni kwa kidole. Barazani kwa Bi Mwanasha palikuwa na ubao mzuri, na vijana wa mtaa walikusanyika hapo mpaka magharibi. Nilikuwa fundi, sitajificha. Nikiikazia macho kete, mpinzani wangu huanza kukohoa. Tatizo letu lilikuwa poda. Ubao wa keram bila poda ni kama chapati bila mafuta, kete hazendi. Wenzangu walitumia poda ya watoto, ikaganda kwa jasho la mikono. Mimi nikajua dawa yake, maana stoo yetu hospitalini ilikuwa na mtungi mkubwa wa boriki, ule unga mweupe laini waliotengenezea dawa ya masikio. Nikachota kidogo. Siku ya pili nikachota mwingi.

Naam, niliiba. Ningeweza kusema nilichukua, lakini wewe ni mtu mzima sasa.

Unga ule nikautia ndani ya kopo tupu la glukosi lenye picha ya mtu anakimbia, nikaliweka dirishani. Tulipounyunyiza ubaoni, kete ziliteleza mpaka watu wakapiga mayowe. Jina langu likavuma mtaani, nikavimba kichwa.

Wiki ya pili, kopo likatoweka.

Ningekuwa mwenye akili, ningeuliza tu: jamani, nani kaliona kopo langu? Lakini ningeulizaje kwa sauti, na mali yenyewe ni ya wizi? Nikanyamaza, nikaanza kuchunguza. Na aliyezoea kuchota kwa siri humwona kila mtu ana kijiko mfukoni. Macho yangu yakamwangukia Mutiso, na tangu hapo kila alichofanya kikawa ushahidi.

Kwanza, begi lake lilikuwa na kufuli ndogo. Mtu mwema anafunga nini? Pili, alikuwa anaamka kabla ya adhana ya alfajiri na kutoka kwa kunyata, na ilhali haswali. Anakwenda wapi? Tatu, na hili ndilo lililonimaliza, alikuwa anarudi na weupe kwenye vidole. Niliuona kwa macho yangu, unga mweupe, mpaka chini ya kucha. Halafu kila asubuhi nilikuta vitumbua viwili vya moto kwenye meza yangu, vimefunikwa kwa karatasi. Hakuna aliyesema vimetoka wapi. Nikasema moyoni, huyu anataka kunifumba mdomo. Nikavila, lakini nikavila kwa hasira.

Siku tatu nilimchunga hivyo. Nilitega uzi mwembamba kwenye zipu ya begi lake nione kama linafunguliwa nisipokuwapo. Akicheka na mtu uani, nilijua wananicheka mimi. Akinisalimu, nilijiuliza ana shida gani leo. Nilichoka, mwanangu. Dhana ni kazi ngumu kuliko kazi, na haina siku ya mapumziko.

Jambo moja sikulitilia maanani. Binti yake Bi Mwanasha, Mwanasiti, alikuwa amejifungua na kuletwa kwa mamake kukaa arobaini, kama ilivyo ada yetu. Kichanga kilikuwa na siku tisa. Nilikisikia kikilia chumba cha pili, nikaona kinanipigia kelele tu.

Basi Alhamisi hiyo, alasiri, barazani pamejaa. Poda ya watoto imeganda, kete zinakwama, na kijana wa Gazi, yaani mimi, anafungwa mara ya pili mfululizo. Mutiso akapita na begi lake begani, akitoka kazini. Akanicheka kidogo, kwa wema tu: "Leo umepatikana, fundi." Damu ikanipanda.

"Kopo langu liko wapi?" nikamwambia. "Kopo la glukosi nililotia poda ya keram. Lilikuwa dirishani. Wewe ndiye uliyelichukua, usinitazame hivyo."

Mutiso hakuonyesha hasira. Akashusha begi, akafungua kufuli yake ile ndogo, akaliweka juu ya ubao wa keram katikati ya kete.

"Sachi," akasema. "Sachi kwanza, halafu tuongee."

Nikasachi. Hadharani, mwanangu, nilitoa shati lake la kazi, nikatoa Biblia yake, nikatoa barua za nyumbani kwao zilizofungwa kwa uzi. Mkono wangu ulikuwa bado umo ndani unapapasa pembe za begi, ndipo sauti ya Bi Mwanasha ikatoka chumbani kwa mwanawe.

"Bakari babangu! Hii glukosi yako mbona haina utamu? Mtoto kakunja uso, nami nimeonja, chungu!"

Nitakuambia ukweli ambao sijapenda kuusema. Wazo langu la kwanza halikuwa mtoto. Wazo langu la kwanza lilikuwa: kumbe si yeye, nimeaibika. Nilibaki nimesimama, mkono ndani ya begi. Mutiso alikuwa ameshaelewa. Alinisikia nikisema kuna nini ndani ya kopo, akaunga moja na moja, akaruka kizingiti na viatu vyake mpaka ndani. Nilipofika, alikuwa amekwisha kumpokonya Bi Mwanasha kikombe, anamuuliza taratibu, "Mama, amekunywa vijiko vingapi?"

"Viwili," akasema yule mama, "vile vidogo. Ni maji ya glukosi tu, mwanangu, joto limemzidi. Kuna nini?"

Wewe unajua kuna nini. Umesoma. Boriki ikipakwa juu juu ni dawa, ikiingia tumboni mwa kichanga ni sumu. Bi Mwanasha alifagia chumba chetu, akaliona kopo, akakumbuka mjukuu wake, kwa kuwa huku kwetu kichanga kikilia kwa joto watu hukipa maji ya glukosi. Akalichukua kwa nia ya kuniambia nikirudi, akapitiwa, likakaa kwake mpaka joto la Alhamisi hiyo ndipo akalifungua.

Tulikwenda hospitali mbio, Mutiso amembeba mtoto, Mwanasiti analia nyuma yetu, na mimi nimelikumbatia lile kopo kama mwehu. Mtoto alianza kutapika njiani. Daktari akauliza amekunywa nini, watu wote wakanigeukia. Pembeni yake alikuwa amesimama Mzee Salim, mkuu wa famasia, mwalimu wangu. Nikasema mbele yake: boriki, kutoka stoo yako, nusu kijiko ndani ya kikombe kama asemavyo Bi Mwanasha, vijiko vidogo viwili vya maji hayo. Alikigeuza kipimo changu kuwa gramu kwa utulivu, akaongea na daktari, hakunitupia hata neno moja. Ningefurahi angenipiga.

Mtoto alilazwa siku tatu. Ngozi yake iliwiva nyekundu kama aliyechomwa na jua. Siku ya nne alinyonya vizuri na kulala. Sijawahi kusujudu kama nilivyosujudu siku ile.

Ndipo Mzee Salim aliponiita. Nikamwendea nimeinamisha kichwa. Akaniuliza swali moja tu la kuanzia.

"Mwizi wako umempata?"

Hakungoja jibu.

"Bi Mwanasha kasoma glukosi, kaamini glukosi," akasema, maana yeye na Mutiso walishamweleza yote. "Mutiso umemwona na unga vidoleni, maana kila alfajiri anamtwangia yule mama mchele wa vitumbua, kwa sababu binti yake yuko arobaini hawezi kushika mchi. Mama humpa vitumbua vinne, yeye huacha viwili mezani kwako. Nyumba nzima ile, Bakari, aliyesema uongo ni mmoja, na uongo wenyewe umeuweka dirishani."

Akaniondoa stoo. Mwezi mzima nilikaa kuandika vibandiko vya chupa, na kila chupa nimsomee yeye kwa sauti kabla haijatoka. Wagonjwa walidhani nina matatizo ya macho.

Bi Mwanasha alinisamehe siku ile ile, maana ndivyo alivyokuwa. Mutiso nilimwendea uani, nikamwomba radhi. Akaniambia, "Nilikuwa naona ule uzi kwenye zipu, Bakari. Kila siku nilikuwa naurudisha vile umeuweka." Basi. Asubuhi iliyofuata vitumbua viwili vilikuwapo mezani, na sikuweza kuvila.

Wazee walisema umdhaniaye ndiye kumbe siye, na wakasema tena kikulacho ki nguoni mwako. Methali hizi mbili nilizijua tangu utotoni, nikazitaja kwa mbwembwe mbele ya watu. Hazikunisaidia, kwa sababu sikudhani zinanihusu mimi.

Sasa twende kwako. Sikuambii uache starehe zako. Mwanafunzi asiyecheza huchakaa kabla ya mtihani. Ogelea Diani, imba, changanya manukato yako, na kwa kweli yale ya juzi yalinukia vizuri hata mke wangu kaniuliza. Lakini ulipofungua mkoba wako hapa niliona chupa ya maji ya kunywa, nikauliza ni maji, ukacheka: "Hapana babu, ni spiriti ya kuchanganyia. Nyingine nimeiacha dirishani." Dirishani, mwanangu! Katika chupa ya maji, ndani ya chumba cha watu wawili, na huko Ukunda joto hili. Nawe umetega simu umkamate mwenzio! Huyo msichana akiinyanyua chupa hiyo, atakuwa hakukuibia kitu. Atakuwa ana kiu.

Kwa hiyo nasaha zangu ni hizi. Ukifika, kabla hujavua viatu, imwage au uiandike jina lake kwa herufi ambazo hata mimi nitaziona, na chombo cha chakula kisiingie dawa maishani mwako. Kisha itoe ile simu ya zamani nyuma ya vitabu, umwambie mwenzio uliiweka. Atakasirika, mwache akasirike. Kama anajipaka manukato yako, muulize kwa mdomo. Tumefunzwa kwamba baadhi ya dhana ni dhambi, nami sijui ipi ndiyo na ipi siyo, ndiyo maana nauliza kwanza. Na ukiona unamshuku mtu sana, kaangalie dirishani kwako.

Yule kichanga sasa ana wajukuu. Na Mutiso yu hai, amestaafu, anaishi kwenye lile lile shamba la wazazi wake. Kila akija Idi kunitembelea hubisha hodi, huingia, na kabla hajaketi huliweka begi lake hapo mezani, akafungua zipu, akaniambia, "Sachi kwanza." Tunacheka wote wawili mpaka tunafuta machozi. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Miaka yote hii hajasahau kulifungua.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi wa kutibu na mzito wa kunyooshea watu kidole. Akujaalie mwenzi wa chumbani anayekuachia vitumbua, na akujaalie umjue mapema. Amina. Haya, nipe hiyo chupa iliyo mkobani, nayo kalamu iko pale.