Kanze Wawili

Marehemu mke wangu Kanze hakulitaja jina la mama yangu hata siku moja. Ndivyo walivyomlea kwao, mwanamke halitaji jina la mavyaa wake, mama wa mumewe. Mama yangu aliitwa Kadzo. Alikuwa mkali. Kanze alimtekea maji na kumsagia mahindi mpaka tukamzika, na baada ya kumzika pia hakulitaja.

Mwanangu Fondo alipopata binti, akampa jina la mama yangu, Kadzo. Kisha Fondo akafa kwa ajali ya bodaboda, mama mtoto akaolewa kwingine, Kadzo akabaki kwetu. Kanze akawa anamwita Mavyaa.

"Mavyaa, njoo ule. Mavyaa, umeichafua leso yangu tena? Nitakuchapa! Wewe sikuogopi kama yule wa kwanza."

Mtoto anacheka.

Kadzo ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu. Ikimshika, mifupa inauma mpaka anang'ata nguo. Kila mwezi Kanze alimpeleka zahanati, mtoto mgongoni, kilima chote. Mimi nilibaki na mbuzi. Dawa na kipimo chake alijua yeye. Mimi nilijua mahali chupa inapowekwa.

Kanze alikufa kabla ya mvua. Presha. Alikuwa anapepeta mahindi, akakaa chini, hakuinuka.

Kisha chupa ikaisha, na mtoto akaanza kulia miguu. Nikambeba.

Zamani pale zahanati palikuwa na madaftari. Siku hizi ni kompyuta. Binti wa dirishani, Twaiba, aliniamkia vizuri.

"Shikamoo babu. Jina la mtoto?"

"Marahaba. Kadzo Fondo."

Akagonga vibonye. Akagonga tena. "Hayumo."

"Kila mwezi huja hapa."

"Kompyuta haimjui, babu. Na dawa ile hatumpi mtu asiyekuwamo."

Nikafikiri. Nikasema, "Tafuta Mavyaa."

Foleni yote ikacheka. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Twaiba, angalia na wangu kama yumo. Akiwamo, mfute!"

Kadzo hakucheka. Alikuwa moto shingoni mwangu.

Siku hiyo palikuwa na mgeni kutoka bara, Purity. Alitumwa kupima kama kompyuta zile zinafaa. Alikuwa anauliza watu mmoja mmoja. Akanifikia mimi.

"Mzee, kuanzia moja hadi tano, mfumo huu umekusaidia kiasi gani?"

"Mwanangu, ngoja kwanza nipate dawa."

Akamtazama mtoto. Akaacha kuuliza, akaja dirishani. "Mtafute kwa namba ya simu."

Simu ya Kanze ilikuwa mfukoni mwangu. Bado naichaji. Nikampa Twaiba, akaitoa namba, akaandika.

Wakatokea wawili. Wote Kanze. Mmoja mtu mzima, mmoja wa miaka saba.

Nikaelewa papo hapo. Mke wangu aliulizwa jina la mtoto, akashindwa kulitamka. Akatoa lake. Namsikia kabisa: "Andika Kanze, huyu ni mimi tu."

Twaiba alisoma kwenye kioo. Kisha akamnong'oneza Purity, lakini masikio yangu bado yapo.

"Huyu mkubwa anatakiwa kliniki ya presha Jumatano. Mdogo ndiye ameandikwa amefariki, faili lake limefungwa."

Mhudumu wa afya ya jamii alikuwa amepeleka habari ya msiba. Kanze wa kwa Nzai, yaani kwangu, amefariki, alisema. Huku kwenye kompyuta wakagusa Kanze asiye yeye.

"Mtoto huyu hapa," nikasema. "Mguse."

"Namuona, babu."

"Basi mfungue."

"Kwanza tumfunge mkubwa. Wewe ni mumewe, ni lazima uthibitishe." Akainamisha kichwa. "Ni yeye aliyefariki?"

Tangu mazishi sikuwa nimelisema neno hilo. Watu walilisema, mimi niliitikia. Na pale kwenye kioo chao Kanze wangu alikuwa angali hai, anangojwa Jumatano.

Mtoto akaguna mgongoni.

"Ni yeye," nikasema. "Amekufa."

Twaiba akagonga mara moja. Kanze akafungwa.

"Na mdogo?"

"Kufungua aliyefariki hatuwezi hapa, babu. Wanafungua makao makuu, Kwale. Nimewatumia ombi."

Purity akapiga simu Kwale. Akapiga tena. Alisema kwa upole, akasema kwa ukali. Akarudi. "Wanasema labda kesho."

"Kumfunga ni sasa hivi. Kumfungua ni kesho."

Twaiba akaleta Panadol na maji. Kadzo alimeza, akatapika. Macho yake yalikuwa ya manjano.

Purity alisimamisha bodaboda mwenyewe, tukapakizwa watatu, yeye nyuma akimshika mtoto asianguke. Njia nzima mpaka hospitali ya Msambweni sikumsikia Kadzo akilia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nikimwita. "Mavyaa. Mavyaa, nijibu." Mimi sikuwa nimepata kumwita hivyo. Lilikuwa jina la Kanze kumwita.

Hospitalini walimpokea mbio. Wakamtundikia maji, wakamchoma sindano. Alipochomwa akalia, na mimi nikakaa chini sakafuni.

Kijana akaja na kompyuta yake juu ya kimeza cha magurudumu.

"Mzee, shikamoo. Jina la mgonjwa?"

"Kadzo," nikasema. "Kadzo Fondo Nzai. Andika lote. Na andika yu hai."

"Hapa hakuna mahali pa kuandika hivyo, mzee."

"Tafuta," nikamwambia.