Siku Mashuka Yalipovuka Barabara

Jina la Mama Mvuke alipewa na watoto wa jirani. Kila jioni akitoka kazini, nywele zilikuwa zimejikunja kwa unyevu na nguo zinanukia sabuni na joto, utadhani ametolewa kwenye sufuria sasa hivi. Alikuwa mfuaji katika hospitali ya kulipia, ile yenye geti refu na maua yaliyokatwa sawasawa. Mkabala nayo, barabara tu katikati, ilikuwepo hospitali ya serikali. Watu wa mtaa hawakuhangaika na majina marefu. Ukiwa upande huu, ile nyingine ni ng'ambo, basi.

Miaka yote hiyo Mama Mvuke alikuwa akifua upande mmoja na kuumwa upande wa pili. Watoto wake wote alijifungulia ng'ambo. Hakuona ajabu. Mpishi wa hoteli kubwa naye hali hotelini.

Mumewe alikuwa fundi wa plasta, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Ukuta aliousawazisha yeye ungeweza kuuwekea shavu. Lakini mwaka huo alishikwa na ngiri. Uvimbe ulitokea kwenye kinena, ukawa unashuka kila akinyanyua ndoo ya mchanga, na jioni anausukuma urudi ndani huku akiuma meno. Akaambiwa apasuliwe, na mpaka hapo asibebe kitu. Akakaa nyumbani. Wenzake wakipita wanamwuliza dirishani, "Fundi, unajifungua lini?" Naye anajibu, "Nasubiri kitanda."

Kupasuliwa kule kwenye kulipia hawakukuzungumzia hata siku moja. Ilikuwa kama kuzungumzia kununua wingu. Walisubiri zamu ya serikali, na zamu ikafika. Fundi akaondoka asubuhi, tumbo tupu, ameoga vizuri. Mchana akarudi anatafuna.

"Imekuwaje?" mkewe akauliza.

"Wamesema nirudi wiki ijayo. Nguo hazijakauka."

"Nguo za nani?"

"Za kupasulia watu."

Mama Mvuke akamtazama kama anavyotazama doa lililokataa kutoka. Wiki iliyofuata mambo yakawa yale yale, na iliyofuata hiyo pia. Fundi anaondoka na njaa, anarudi ameshiba, na maneno ni hayo hayo, nguo hazijakauka. Hapo uvumilivu ukamwisha.

"Baba watoto," akasema, "mimi nafua nguo za hospitali tangu huyu wetu wa mwisho hajazaliwa. Sijasikia hata siku moja mgonjwa amerudishwa kwa sababu ya nguo mbichi. Sema tu unaogopa kisu."

"Siogopi."

"Unafika getini unageuka."

Wifi yake, ambaye alikuwa amekuja kuazima pasi akasahau kuondoka, akadakia, "Kaka, mimi nimepasuliwa mara mbili, na nilikuwa na mtoto tumboni. We unaogopa kushonwa kama mfuko?" Nyumba nzima ikaangua kicheko, watoto nao. Fundi, mtu asiyekosa jibu, siku ile aligeukia ukutani.

Kwa hiyo safari iliyofuata Mama Mvuke aliomba ruhusa ya asubuhi kazini, akamshika mumewe mkono kama mtoto anayepelekwa shule. Mvua ilikuwa inanyesha, kama ilivyonyesha mwezi mzima. Wakavuka madimbwi, wakapanda ngazi, wakakunja kona ya kwenda chumba cha upasuaji. Mama Mvuke akasimama.

Ukumbi mzima ulikuwa umefungwa kamba, kutoka ukuta huu hadi ule, na kwenye kamba yananing'inia mashuka ya kijani na makoti ya kijani ya madaktari. Chini yake mabeseni yalikuwa yakipokea matone. Watu walipita wameinama kama wanapita shambani kwenye mahindi. Mama Mvuke akakamata pindo moja kwa vidole viwili. Lilikuwa bichi kabisa.

"Usiguse, dada yangu," akasema muuguzi mkuu wa pale, mwanamke mwenye sauti ya uchovu.

"Samahani, sista. Hizi zimefuliwa lini?"

"Juzi. Mashine yetu ya kukaushia ilikufa, tukawa tunaanika juani. Sasa jua lenyewe ndilo hilo unaloliona. Zikiwa mbichi siwezi kuzitia kwenye mashine ya kuulia vijidudu. Daktari yupo, dawa zipo, wagonjwa hawa hapa. Tumekosa jua tu."

Mama Mvuke akageuka polepole. Mumewe alikuwa ameshakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine, anaangalia dari.

"Mimi sijasema kitu," akasema Fundi.

"Nisamehe, baba watoto."

"Nimekusamehe. Lakini utarudia mbele ya dada yangu."

Mzaha haukudumu. Daktari wa upasuaji akapita, akamlaza Fundi kitandani nyuma ya pazia, akaubonyeza uvimbe. Haukurudi ndani. Akabonyeza tena, ukarudi nusu, Fundi akagugumia. Daktari akawaambia waziwazi kwamba huu sasa umeanza kunasa, na ukinasa kabisa utumbo unaweza kuoza. Leo ndiyo siku yake. Akikosa leo, foleni imejaa hadi mwezi ujao, na yeye mwezi huo hataki hata kuufikiria. Kisha akatazama kamba za mashuka, akatazama saa. Saa saba mchana alitakiwa awe ameshavuka barabara, kuna wagonjwa wake wa kulipia.

Mama Mvuke alisikia hayo yote huku kichwani kuna mngurumo. Aliujua. Ni mngurumo wa mashine ya kukaushia, ile ya mwisho ukutani, ambayo wiki hii ilikuwa inashinda mlango wazi kwa sababu wodi za kulipia zilikuwa na nafasi.

"Sista," akasema, "nikikuletea haya yakiwa makavu asubuhi hii hii?"

"Ukiniletea makavu, benchi zima linaingia. Utayakaushia wapi?"

Mama Mvuke alishafika kwenye ngazi.

Msimamizi wa chumba cha kufulia waliyemwita Nahodha alikuwa akitembea katikati ya mashine mikono nyuma, kama yuko melini. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapana."

"Yameshafuliwa, bosi. Yanataka moto tu."

"Leo mashuka, kesho wataniletea magodoro."

"Mashine ya mwisho haina kazi."

"Ile ni ya dharura."

"Na hii ni nini?"

"Dharura ya ng'ambo." Akashusha sauti. "Mama Mvuke, mimi nikisema ndiyo, jioni natafuta kazi. Kamwulize Matroni."

Matroni alikuwa hajafika. Mama Mvuke akaenda kumngojea getini, kwenye mvua, maana kibandani asingeliona gari vizuri. Mlinzi akamwita, "Ingia ndani, mama, utapata homa."

"Nikipata nitatibiwa ng'ambo," akajibu, na mlinzi akacheka hata akashika kofia.

Gari la Matroni lilipopunguza mwendo, Mama Mvuke alikuwa ameshainama dirishani. Akasema yote kwa pumzi moja, kamba, matone, ngiri, mashine ya mwisho, mume, mpaka akachanganya na mambo ya wifi. Matroni alimkazia macho.

"Nani anapasua kule leo?"

"Daktari yule yule anayekuja kwetu mchana."

Matroni akafikiri kidogo. "Akikwama kule, na wangu watakaa na njaa." Akapandisha kioo, kisha akakishusha tena. "Mashine ya mwisho. Yakitoka yaingie kwenye mifuko safi, yasigusane na ya kwetu. Na ni leo tu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Tangu pale mambo yalikwenda mbio. Ndugu za wagonjwa waliokuwa wamekaa kwenye benchi walisimama wote kwa pamoja, kama waliokuwa wanangoja kuambiwa tu. Wakatoa mashuka kwenye kamba, wakayapanga kwenye mabeseni, wakafunika kwa nailoni, wakashuka ngazi. Kulikuwa na mshona viatu, mama mmoja mjamzito aliyekatazwa kubeba mzigo akabeba beseni tupu, na kijana wa benki mwenye tai ambaye baba yake alikuwa kwenye ile orodha. Wakapanga mstari kando ya barabara, beseni kichwani, maji yanawatiririka shingoni. Mlinzi wa kulipia, ambaye kwa kawaida humhoji hata paka, alifungua mabawa yote mawili ya geti akaingia barabarani kusimamisha magari kwa mkono.

"Harusi ya nani?" dereva mmoja akauliza kwa kuchoka.

"Ya mashuka," akajibu mlinzi. "Subiri maharusi wapite."

Ndani, Mama Mvuke alijaza mashine akaiwasha, ikaanza kunguruma, na yeye akabaki ameweka kiganja mlangoni akisikiliza joto linavyopanda. Nahodha alisimama mbali na kujifanya haoni. Haikuchukua muda akaja mwenyewe. "Umeijaza mno, katikati hapatakauka," akasema, akatoa nusu, akarekebisha moto, na hakuondoka tena. Mzigo wa kwanza ulipotoka, Mama Mvuke alijifuta uso kwa koti la daktari bila kujua, Nahodha akamnyang'anya akalirudisha mashineni. "Unalia juu ya kazi yangu," akasema.

Mifuko ikavuka kwenda, mabeseni yakavuka kuja. Kule juu sista aliipokea mlangoni, akaitia kwenye mashine yake, na mgonjwa wa kwanza akaitwa. Benchi zima likapiga makofi. Akaitwa wa pili. Mtu akitoka amelala kwenye kitanda cha magurudumu, ndugu zake wanamfuata huku wengine wakibaki wanahesabu mashuka kwa macho. Fundi alikuwa wa mwisho. Saa ya ukutani ilionekana kama imepewa miguu. Mama Mvuke alipanda na mfuko wa mwisho kifuani, bado una moto, akamkabidhi sista mkononi.

Sista akaufungua, akapapasa ndani mpaka chini, akaitikia kwa kichwa. Baada ya kitambo mlango ukafunguliwa. "Fundi wa plasta."

Fundi akainuka. Akapiga hatua moja, akarudi.

"Mama watoto."

"Nini tena?"

Akamsogelea sikioni. "Naogopa kidogo."

Mama Mvuke akamshika uso kwa mikono yake yote miwili, mikono iliyonyauka kwa maji. "Najua," akasema. "Ingia."

Akaingia. Daktari alivuka barabara akiwa amechelewa, anakimbia kwenye mvua na begi kichwani, na huko ng'ambo hakuna aliyemwuliza.

Jioni Fundi aliamka wodini, ana nyuzi, ana kiu, ana maneno. Wifi alikuwa ameshafika na ameshasimuliwa habari yote, na kila akifungua mdomo Fundi anamwomba kwa ishara asimchekeshe, panauma. Mama Mvuke alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, miguu ameinyoosha, hajakumbuka kula.

Kwenye kitanda cha jirani alilala bibi mmoja mwembamba. Alikuwa akiwasikiliza muda mrefu, halafu akajiinua kwa kiwiko. Nje mvua ilipiga bati kwa nguvu zake zote.

"Mwanangu," bibi akasema, "kesho ni zamu yangu. Na kesho mtakausha?"

Mama Mvuke akafungua mdomo, akakumbuka kioo cha gari kilichoshuka na maneno yaliyotoka. Leo tu.

"Sijui, bibi," akasema. Akasimama, akachukua nailoni iliyobaki pale chini, akajifunika kichwa. "Ngoja nikaulize."